Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na ndani hakuwa mbuzi

Wanajamvi, salaam. Ninaandika uzi huu nikiwa bado na hasira, ingawa tukio lenyewe limetimiza wiki tatu sasa, na ninawaandikia hasa ndugu mnaoishi Japani au mnaotarajia kuja huku kwa masomo, kwa sababu mahali ninapopalalamikia ndipo wenyeji wenu watakapowapeleka kula siku ya kwanza.

Ninazungumzia migahawa ya familia ya mtindo wa Kiitaliano, ile ya bei nafuu yenye matawi mengi. Jina la kampuni naliweka kando. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa kuhesabu yeni, mgahawa wa namna hii ni mkombozi: sahani ya moto haifiki yeni 500, kodi imo ndani ya bei, bakshishi haipo, na ukilipia vinywaji mara moja unajijazia gilasi mwenyewe mpaka uchoke. Nimekula pale kwa karibu miaka miwili na sijawahi kulalamikia ladha wala usafi.

Mwezi uliopita shangazi yangu alikuja kunitembelea kutoka Tanga. Nilimpeleka huko kwa majivuno ya mtu anayemwonyesha mgeni kijiwe chake, nikamwagizia doria. Alicheka sana aliposikia jina, akauliza kama polisi nao hula hapa. Doria hii ni wali uliomwagiwa mchuzi mweupe wa maziwa, juu yake mchuzi wa nyama ya kusaga, kisha jibini, ukaokwa mpaka kingo zikashika rangi ya kahawia. Kabla hajatia kijiko mdomoni aliniuliza, "Baba, nyama gani hii?" Nikamjibu bila kusita kwamba ni ya ng'ombe, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyojibiwa na mhudumu mmoja mwanzoni kabisa, nami sikuuliza tena.

Alikuwa amefika nusu ya sahani nilipoona, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho wa menyu, kijisanduku cha msimbo wa kuchanganua kwa simu, kilichoandikwa kwa herufi ndogo kuliko za kwenye karatasi ya dawa. Nilikichanganua kwa udadisi tu. Likafunguka jedwali refu la vyakula vinavyosababisha mzio, na nilipofuata mstari wa doria kwa kidole nikakuta alama chini ya ng'ombe na alama nyingine chini ya nguruwe. Nyama ya kusaga iliyochanganywa ng'ombe na nguruwe ni jambo la kawaida sana Japani, ina hata jina lake, aibiki, na dukani utaikuta kwenye jokofu imeandikwa wazi. Mgahawani imeandikwa "mchuzi wa nyama", basi.

Nilibonyeza kengele ya mezani. Alikuja binti wa miaka kama kumi na tisa, mfanyakazi wa muda, akainama, akaenda kuuliza jikoni, akarudi akiinama zaidi na kusema kwamba hawawezi kuthibitisha. Simlaumu hata kidogo. Mchuzi haupikwi pale. Katika kampuni za aina hii hutoka kwenye jiko kuu la kiwanda ukiwa umefungwa mifukoni, na kazi ya tawi ni kuupasha moto. Lakini hapo ndipo hasira yangu inapopata nguvu, kwa sababu mchuzi uliopikwa mahali pamoja kwa kipimo kimoja ndio mchuzi ambao kampuni inaujua kuliko mwanadamu yeyote. Kauli ya kutoweza kuthibitisha ingekubalika kwa mama ntilie aliyenunua nyama asubuhi sokoni, si kwa kampuni iliyokwisha kuandika jibu kwenye jedwali lake yenyewe.

Nimewaandikia. Jibu lilikuja baada ya siku nne, limejaa samahani, likinielekeza kwenye jedwali lile lile. Hawajavunja sheria, na hilo nalifahamu: kanuni za Japani za kutaja vyakula vya mzio zinahusu bidhaa zilizofungashwa, si sahani za mgahawani, na hata kwenye bidhaa hizo, yai, maziwa, ngano, karanga, kamba na kaa ni lazima vitajwe, ilhali nguruwe yumo kwenye orodha ya vinavyopendekezwa tu. Sawa. Mbona basi menyu hiyo hiyo, ambayo haikulazimishwa kutaja nguruwe, ilipata nafasi ya kuandika kalori za kila sahani, gramu za chumvi, na kuchora pilipili nyekundu kando ya vyakula vikali? Pilipili imechorewa picha. Nguruwe amefichwa nyuma ya msimbo.

Kuna atakayesema ningejua kwa jina la chakula. Haiwezekani. Doria si ya Italia; ilianzia Yokohama miaka ya 1930, katika Hoteli New Grand, mikononi mwa mpishi Mswisi Saly Weil, kwa hiyo hata aliyekulia Roma hana pa kukisia kilichomo. Na atakayesema nitafute mgahawa wa halali, nampokea kwa heshima, ila sijaomba jiko la pekee wala cheti. Ninaomba herufi moja ya kikanji, maandishi ya Kijapani yenye asili ya Kichina, ile isomwayo buta, yaani nguruwe, ichapishwe kando ya picha ya sahani, mahali pale pale ilipo pilipili. Nimewaandikia barua ya pili nikiwaeleza hivyo, na mpaka leo sijajibiwa.

Shangazi hakunigombeza. Alisukuma sahani katikati ya meza, akanywa maji, akaniambia, "Hukujua, mwanangu," na maneno hayo yameniuma kuliko ambavyo angenifokea. Siku kumi na moja alizobakiza hakula tena nje ya chumba changu, na siku ya kuondoka alikaa kwenye uwanja wa ndege wa Narita na kopo la maandazi mapajani, amelifunga kwa kitambaa, na alipofika mhudumu wa mkahawa wa pale na menyu yake ya picha, aliirudisha kwa mikono miwili bila kuifungua.