Naomba ushauri: saiprasi mbichi na mkono wa roboti

Ndugu wasanifu na maseremala, ninasanifu kwa kompyuta paa la mbao la ukumbi hapa Nairobi, nikiongozwa na banda la Heilbronn, Ujerumani, la mwaka 2019, ambalo vipande vyake 376, kila kimoja na umbo lake, viliundwa na roboti na kufunika upana wa mita 30 bila nguzo ya kati. Kinachonikosesha usingizi ni mbao zenyewe: saiprasi ninayoinunua sokoni Gikomba huja mbichi, kisha husinyaa na kupinda, ilhali mkono wa roboti hukata kwa usahihi wa chini ya milimita moja. Tanuri la kukaushia ni ghali mno kwangu. Je, kuianika kivulini kwa miezi kadhaa kutaifikisha kwenye unyevu wa asilimia 12, au niviachie viungo nafasi zaidi?