Nani anagonga seva yangu usiku kucha?

kipanga7: Wakuu naombeni msaada, nina kaseva kangu kadogo kana ukurasa mmoja tu, linki sijampa mtu yeyote, sasa jana nafungua logi (rekodi za wanaoingia kwenye seva) nakuta maombi kibao, wanatafuta /wp-login.php (ukurasa wa kuingilia WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti) na /.env (faili la kuwekea nywila na siri za programu) wakati mi WordPress hata sijawahi kuiweka. Nimedukuliwa au?

mzee_wa_seva: Tulia mkuu, hujadukuliwa. Hizo ni boti, programu zinazojiendesha zenyewe, zinapita anwani za mtandao (IP) moja baada ya nyingine, za aina ya IPv4 zote ni kama bilioni 4.3 tu, kwa mashine si nyingi hizo. Halafu kama ulichukua cheti cha HTTPS (cha kulinda mawasiliano ya tovuti) basi jina la domeni yako limeshaingia kwenye rejista za wazi, kuna watu kazi yao kuzisoma. We angalia namba ya jibu la seva, 404 (hakuna kitu) wametoka mikono mitupu, ila ukiona 200 (wamepewa) kwenye .env na faili lipo kweli hapo ndo utoke jasho, badili nywila zote zilizomo.

kipanga7: Zote 404 asee. Ila kuna moja inajiita Googlebot, boti ya Google, hiyo je?

dada_logi: Jina mtu anajiandikia tu, usiliamini. Itafute hiyo IP kinyumenyume upate jina la mashine, likiishia na googlebot.com au google.com ulitafute tena hilo jina uone kama linarudisha IP ileile. Lisiporudisha, feki huyo.

kipanga7: Nimecheki, feki kabisa 😂 nimempiga bloku