Maji ya mvua kwenye miradi ya viwanja: bwawa la mradi au kila mtu na shimo lake?

Mtu wa Bondeni

Wadau, tujadili hili kabla masika hayajashika. Vilima vya Dar na pembeni yake, Goba, Madale, Kibamba hadi Kisarawe, vinakatwa viwanja kila uchao. Greda linapita, bikoni za mipaka zinapigwa, viwanja vinauzwa kwa awamu, maji yanaachwa yajitafutie njia. Njia yenyewe tunaijua: korongo, kijito, mto, bondeni kwa watu; ya upande wa Kisarawe yanaingia Msimbazi hadi Jangwani.

Hoja yangu: mradi wowote wa viwanja unaozidi hekta 2 usipitishiwe ramani bila bwawa la kupokea maji ya mvua ndani ya eneo lake, na bwawa hilo lichimbwe kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Upande wa pili unasema inatosha kila mwenye nyumba achimbe shimo la kunyonyea maji uani kwake. Mwenye hesabu aweke hapa.

Mpimaji

Mkuu, nia ni njema ila atakayeumia ni mnunuzi. Ukitoa viwanja vitano kwa ajili ya bwawa, bei yake inahamia kwa vilivyobaki. Anayelipa kidogo kidogo kwa miezi 12 atakimbilia shamba lisilopimwa, ambako hakuna bwawa, barabara wala mtaro. Hapo umepunguza mafuriko au umeyahamisha? Isitoshe, udongo wa Dar mwingi ni mchanga. Unanyonya. Shimo la mita mbili lenye mawe linatosha nyumba ya kawaida.

Hesabu za Mitaro

Tuanze na hilo shimo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, haihitaji kompyuta. Kiwanja cha mita za mraba 600, paa 150, pevingi 250: jumla 400 zisizonyonya. Mvua ya milimita 25, ambayo kwa masika si kitu cha ajabu, inakupa lita 10,000, yaani mita za ujazo 10. Ukijaza shimo mawe, nafasi inayobaki kwa maji ni kama asilimia 40. Kwa hiyo ili libebe mita 10 za ujazo unahitaji shimo la mita za ujazo 25: urefu 5, upana 2.5, kina 2. Hilo si "shimo la mita mbili". Ni chumba.

Sasa mradi mzima, hekta 10. Kanuni ya kawaida: kipeo cha maji kwa sekunde (mtiririko ukiwa mkubwa kabisa) ni kiwango cha mtiririko, yaani sehemu ya mvua inayotiririka bila kunyonywa, mara kasi ya mvua mara hekta, gawanya kwa 360. Chukua mvua ya milimita 80 kwa saa. Kabla ya greda, vichaka na nyasi, kiwango 0.25: unapata mita za ujazo 0.56 kwa sekunde. Baada ya mapaa, pevingi na barabara, kiwango 0.65: 1.44. Maji ya korongo yamezidi mara mbili na nusu, na hapo nimeacha kasi ya mvua ileile. Kwa kweli maji yakipita kwenye zege yanafika chini mapema, hivyo kipeo kinapanda zaidi.

Tofauti kwa saa moja ya mvua hiyo ni kama mita za ujazo 3,200. Bwawa lenye kina cha mita 1.5, ukihesabu na kingo zake za mteremko, linakula karibu mita za mraba 3,000. Ni viwanja vitano kati ya takriban 115. Asilimia nne na kitu. Mashimo ya watu 115 kwa milimita 25 yanashika 1,150 tu, tena kama wote wamechimba, na hakuna hata moja linaloshika maji ya barabara.

Fundi Mawe

Kuhusu "udongo unanyonya": ufukweni sawa. Ukipanda kuelekea Pugu ni mchanga ulioshikana na mfinyanzi. Hukohuko ndiko iliko kaolini, ule mfinyanzi mweupe. Mwenye kubisha apime. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho kitako cha shimo lako kitakaa. Jaza maji jioni, yaache yanyweke usiku kucha, maana udongo mkavu hudanganya. Asubuhi weka maji tena, simamisha rula, soma kila nusu saa. Yakishuka chini ya milimita 13 kwa saa, sahau shimo. Na hata yakishuka vizuri, kitako kibaki angalau mita 1 juu ya maji ya ardhini ya wakati wa masika, si ya Septemba, na shimo lisisogelee msingi wa nyumba chini ya mita 3.

Ila nyote mnarukia bwawa na kusahau miezi ya ujenzi, ambayo ndiyo inayojaza mitaro ya watu. Mradi unafyekwa hekta zote 10 kwa mpigo mwezi wa Februari ili wateja waone "eneo limefunguka". Machi mvua inakuta udongo mtupu kwenye mteremko. Kalavati lililo chini linaziba kwa mchanga kabla nyumba ya kwanza haijafika lenta.

Dawa yake ni kazi ya mikono. Fyeka kwa vipande: barabara kwanza, viwanja viachwe na nyasi zake hadi mwenyewe aanze kujenga. Mtaro wa barabara uwekewe vizuizi vya mawe. Nafasi kati ya kizuizi na kizuizi ni kimo chake gawanya kwa mteremko: kimo nusu mita, mteremko asilimia 5, ni mita 10, ili kilele cha kilicho chini kilingane na kitako cha kilicho juu. Kosa ninaloliona kila mara ni kizuizi kinachojengwa bapa kama ukuta. Maji yakijaa yanapita pembeni, yanakula kingo, na baada ya mvua mbili unakuta kizuizi kimesimama katikati kama kisiwa na mtaro mpya umejichimba ubavuni. Katikati pawe chini kuliko ncha kwa sentimita 15, na ncha ziingie ndani ya kingo.

Eastlands

Niwaongezee kutoka Nairobi. Huku Embakasi na Kasarani udongo ni mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka unaingiza mkono, mvua ikinyesha unavimba na kufunga. Mashimo ya kunyonyea hayana maana hapa. Maji yanakaa humo wiki nzima na msingi unaanza kusogea. Kule Karen kwenye udongo mwekundu ni habari nyingine. Kwa hivyo sheria isiseme "kila plot ichimbe shimo". Iseme kiasi cha maji ambacho hakifai kutoka, kisha udongo wenyewe uamue ni shimo, tangi ama bwawa.

Afya Mtaa

Naunga mkono bwawa kwa shingo upande. Lisipokauka ndani ya saa 72, mnafuga mbu. Lakini msijidanganye kwamba matenki ya uani ni salama zaidi: mbu wa dengi anapenda vyombo vidogo vya majumbani, na Dar ilipata dengi 2014 na tena 2019. Tenki lisilo na mfuniko na gata lililojaa majani ni nyumba yake.

Jambo ambalo hamjaligusa ni kutapisha vyoo. Mvua kubwa ikianza, watu wanafungua karo (shimo la maji taka ya choo) limwagike kwenye mtaro, kwa kuwa gari la maji taka ni ghali na mvua ni bure. Bwawa lenu litapokea hayo yote. Na ukichimba shimo la kunyonyea maji ya mvua jirani na karo, masika maji yanaingia karoni, karo linafurika, choo kinarudi ndani. Viwanja vya mita 20 kwa 30 vyenye kisima, karo na shimo la mvua havina nafasi ya kutenganisha. Kisima kikitaka mita 30 kutoka kwenye karo, kitakuwa kwa jirani.

Mpimaji

Hesabu nimeziona, asilimia nne sibishani nayo tena. Swali langu limehamia kwingine: bwawa ni la nani viwanja vikishaisha? Kampuni inaondoka. Barabara na mitaro yake inaweza kwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, bwawa je? Mkiliandika "eneo la wazi" kwenye ramani, miaka mitano baadaye kuna fremu za maduka na kanisa la mabati.

Hesabu za Mitaro

Ndiyo maana liandikwe kwenye ramani kama njia ya maji, lenye bikoni zake na namba yake. Tundu la kutolea liwe bomba la milimita 450 chini kabisa: bwawa likijaa mita 1.5 linatoa karibu mita za ujazo 0.48 kwa sekunde, chini ya zile 0.56 za zamani, na likishajaa linakauka ndani ya saa chache, mbu hapati nafasi. Mbele ya bomba weka nondo za kuzuia takataka, zilale kwa mshazari. Zikisimama wima, chupa za maji zinaziziba kwa mvua moja. Juu yake njia ya dharura yenye mawe, sentimita 30 chini ya ukingo.

Kwenye mlango, mtego wa tope wa asilimia 10 ya ujazo wa bwawa, yaani mita za ujazo 320. Ukifika nusu, unachimbuliwa.

Mpimaji

Nusu yake ni 160. Tipa la mita za ujazo 8 ni safari 20, pamoja na mtambo wa kuchimbua. Kwa viwanja 115 si hela ya kutisha, ila nani anaikusanya, mwenyekiti wa mtaa?

Mtu wa Bondeni

Iwekwe kwenye bei ya kiwanja tangu mwanzo, ikae akaunti ya mradi, na kampuni isikabidhi hadi masika mawili yapite bwawa likifanya kazi. Masika ya kwanza ndiyo yenye tope jingi, na hilo tope ni la greda lao.

Fundi Mawe

Masika mawili hayatoshi. Watu wanajenga kwa miaka saba, nane, na kila anayeanza msingi anamwaga kifusi barabarani.