Nyumba za kale kwenye kuta za miamba, ardhi ya Wanavajo (wenyeji wa asili, Arizona, Marekani): Betatakin au Canyon de Chelly?

Mgeni_Phoenix: Habari wakuu. Tuna siku mbili mwezi Julai, na mama magoti yanamsumbua. Twende wapi, na tujihadhari na nini?

Nyayo_za_Jangwa: Kwa magoti ya mama, Canyon de Chelly, bonde lenye kuta ndefu za mawe. Unaendesha gari juu ya ukingo, unasimama kwenye vituo na kuzitazama nyumba kwa chini, bebeni darubini. Kushuka bondeni ni lazima muwe na mwongozaji Mnavajo mwenye kibali, kwa sababu familia bado zinaishi na kulima humo. Njia ya miguu ya White House ilifungwa 2020, msiipange kabla ya kuhakikisha. Mvua za Julai huleta mafuriko ya ghafla, hivyo mwongozaji akiahirisha, msibishane naye.

Betatakin, kijiji cha kale ndani ya pango la mwamba, iko kwenye hifadhi ya Navajo National Monument, magharibi mwa mji wa Kayenta. Kiingilio bure. Mama atamudu Sandal Trail, njia ya kwenda kuitazama Betatakin kwa mbali: imesakafiwa, kama kilomita 2 kwenda na kurudi, ila kurudi ni kupanda. Kuifikia Betatakin yenyewe mnaongozwa na askari wa hifadhi, mnashuka zaidi ya mita 200, kisha mzipande zote juani. Hapo ni mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Pumzi hukata hata kwa vijana. Lita 4 za maji kwa kila mtu.

Saa_Mbili: Wengi hukosa safari kwa ajili ya saa. Jimbo la Arizona halisogezi saa mbele kiangazi, ila Wanavajo waliomo husogeza. Safari ya saa mbili asubuhi huko, Phoenix ni saa moja. Na mkipita ardhi ya Wahopi, wenyeji wengine walio katikati ya Wanavajo na wasiosogeza saa, simu itarudi nyuma tena! Wekeni saa ya mkononi kwa majira ya Navajo.

Udongo_na_Mawe: Nyongeza muhimu: nyumba hizi hazikujengwa na Wanavajo. Betatakin ilijengwa na mababu wa Wapueblo, miaka ya 1260 hadi 1280 na ushee. Tarehe zimepatikana kwa kuhesabu pete za ukuaji wa miti kwenye boriti. Wahopi, ambao ni miongoni mwa Wapueblo wa leo, wanapaita Talastima, na koo zao zinapahesabu kuwa kwao hadi leo. Kwa hiyo msiegemee kuta, kiunganishi chake ni udongo tu. Kigae cha chungu mkikiona, kiacheni kilipo. Droni na pombe haviruhusiwi, na msimpige mtu picha bila ridhaa yake.

Mgeni_Phoenix: Asanteni sana. De Chelly siku ya kwanza, Sandal Trail ya pili asubuhi mapema.

Nyayo_za_Jangwa: Sawa kabisa. Mafuta jazeni Chinle, mji ulio karibu na De Chelly, kabla ya kuondoka.