Naomba ushauri: nivae sare ya harusi au kanga yangu?

Mwenye uzi: Asalaam aleikum. Ijumaa tuna harusi hapa Wete, na mawifi zangu wameamua tuvae magauni ya dira ya sare, ilhali mimi nimeshanunua doti ya kanga Chake Chake. Nikijifunga kanga yangu, nitaonekana nimewadharau?

Fundi wa Darajani: Sare nazishona kila wiki. Kuna dada aliyelia mbele ya kioo changu kwa sababu rangi ilimkataa, na bado aliivaa, akiogopa kuulizwa yeye ni nani hata ajitenge na wenziwe.

Bibi wa Ng'ambo: Mwanangu, kanga ina heshima yake. Wakati wa utumwa wajakazi walivaa vitambaa vya merikani na kaniki. Utumwa ulipofutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, wengi wao walijifunga kanga na kuvaa buibui ili nao wahesabiwe waungwana. Mimi mwenyewe niliolewa nimejifunga kanga ya kisutu, na hadi leo nimekihifadhi sandukuni.

Abuu: La msingi ni stara, na dira inasitiri. Wafuate wakubwa.

Shoga wa Mkoani: Mbona hujatutajia jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake?

Mwenye uzi: “Mdhaniaye ndiye siye.” Lakini niliipendea mji wake, yaani sehemu ya kati, wa mikorosho, na nimeshaikata na kuipinda, hairudishiki dukani.

Mpemba Halisi: Uzi huu umetungwa. Mwanamke wa kwetu hukunjua kanga na kusoma jina kabla ya kuuliza bei. Haiwezekani alitaje baada ya kubanwa.

Mwenye uzi: Sikutunga. Nililisoma mara tatu nikiwa nimesimama dukani. Mama wa bwana harusi, wifi yangu mkubwa, alieneza kwamba mkufu wake uliopotea nimeuchukua mimi. Mwezi uliopita mkufu huo ulionekana chini ya godoro lake mwenyewe, na hajaniomba radhi. Jana usiku nimeipinda kwa mkono, wanga wake bado mgumu, sindano ikigoma kwenye pindo, na kila nilipofika kwenye maneno nilisita.

Bibi wa Ng'ambo: Zungumza naye kabla ya Ijumaa, mwanangu. Harusi ni ya kijana wake, naye hana kosa.

Mwenye uzi: Nimemwendea mara mbili, bibi, akajifanya ana wageni. Dira yao nitaivaa. Juu yake nitajitanda kanga moja, jina likae mgongoni.