Taa za ukutani kwenye ngazi ya mamangu, Buruburu: nizifunge wapi?

BintiWaBuru

Hamjambo wadau. Naomba ushauri kabla sijaanza kutoboa ukuta.

Mamangu ana miaka 74 na anaishi peke yake katika mezonet yetu ya Buruburu, zile za zamani zenye ngazi nyembamba. Mwezi uliopita alikosea kidato cha mwisho saa tisa usiku akienda kuangalia kama mlango umefungwa. (Ulikuwa umefungwa. Huwa umefungwa kila siku, na kila siku huenda kuuangalia.) Hakuvunjika, Mungu ni mwema, lakini goti lilivimba kama papai, na kaka zangu wawili wakanipigia simu kunigombeza kana kwamba ngazi ile niliijenga mimi.

Taa iliyopo ni moja tu, ya darini, kule juu ngazi inapoishia. Ukishuka inabaki nyuma yako, kwa hiyo kivuli chako kinakutangulia na kufunika vidato. Nimekaa pale nikaangalia. Unakanyaga giza lako mwenyewe.

Nimeamua kuweka taa za ukutani. Nimeshanunua mbili Luthuli Avenue: kromu, bakuli la kioo lililo wazi juu, mwanga unapanda darini. Dukani zilikuwa zimewashwa zote pamoja, ukuta mzima, nikaona nimefika mbinguni. Nilipomshikia mama moja pale ngazini akasema inafanana na bakuli la kachumbari la hotelini. Sijui alikuwa anasifu au anatukana.

Sasa: nizifunge urefu gani? Mbili zinatosha? Balbu ya rangi gani? Na chumbani anasoma Biblia kitandani kwa tochi ya simu aliyoibana chini ya kidevu, nako nataka taa. Ukuta ni wa mawe, plasta ya zamani, na nusu ya chini imepakwa rangi ya mafuta.

KakaWaDono

Dada unajisumbua. Chomoa hiyo balbu ya darini, weka ya wati 18 nyeupe kabisa, kwisha maneno. Taa za ukutani ni za lodging.

Fundi wa Jogoo Road

Pole kwa mama, dada. Kaka wa Dono, ukiweka hata ya wati 50 pale juu, kivuli kitabaki palepale, ila kitakuwa cheusi zaidi.

Dada, hizo za bakuli usizifunge kwenye ngazi. Hata dukani zilikudanganya kwa sababu ulizitazama ukiwa chini. Mtu anayeshuka ngazi anazitazama kutoka juu, yaani anachungulia ndani ya bakuli, na balbu iko uchi mle. Niliwahi kumfungia mteja mmoja Komarock taa za aina hiyo. Akiwa sebuleni alizifurahia sana. Akapanda, akageuka, akashuka vidato vitatu, halafu nikamwona anapapasa ukuta kama kipofu. Nilizifungua siku ileile na matundu manne nikayaziba kwa simenti yangu. Jicho la mzee ndilo linaloteseka zaidi: linahitaji mwanga mwingi kuliko la kijana, na hapohapo likipigwa na mwanga mkali linachelewa kurudi.

Unayotaka ni taa iliyofunikwa juu, inayomwaga mwanga chini kwenye vidato, na chini iwe na kioo cheupe kama maziwa, kwa sababu anayepanda naye anaitazama kutoka chini. Wengi husahau huyu wa kupanda.

Urefu. Utasikia watu wanasema sentimita 165 kutoka sakafuni. Kwa korido ni sawa. Ngazini sakafu ni ipi? Mimi napima kutoka kwenye ukingo wa kidato kilicho chini ya taa yenyewe, napanda mita 1.8 hivi, na ya pili napima vilevile kutoka kidato chake. Zitapanda pamoja na ngazi. Ukizipanga kwa usawa wa sakafu ya sebule, ya juu itakuwa magotini mwa mtu.

Mahali ni muhimu kuliko urefu. Moja iwe karibu na mwanzo wa kushuka, lakini mbele ya mtu, si nyuma yake. Nyingine imulike kidato cha mwisho pamoja na sakafu inayofuata, maana hapo mguu hudhani umeshafika. Mama yako ameanguka palepale wanapoangukia wengi.

Usiniamini mimi, jaribu. Usiku zima kila kitu. Wewe shika simu ukutani tochi ikiwaka, ifunike kwa karatasi nyeupe, mama apande na kushuka akishika reli. Sogeza simu mpaka aache kunung'unika, halafu piga alama ya penseli.

Balbu: soma kwenye boksi. 2700K hadi 3000K ni ule mwanga wa manjano kidogo, weka huo. 6500K ni mweupe wa buluu, mzuri kwa duka la simu. Na usiangalie wati peke yake, angalia lumeni, yaani kiasi cha mwanga unaotoka. LED ya wati 5 inatoa lumeni 400 na kitu, mbili zinatosha ngazi ya nyumba.

Waya sasa. Nyumba hizo za zamani nyingi nimezikuta na waya mbili tu kwenye taa, nyekundu na nyeusi, bila athi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Kama ni hivyo kwako, taa ya chuma usifunge mpaka athi ivutwe. Ama ununue yenye alama ya mraba ndani ya mraba, hiyo imetengenezwa isihitaji athi. Weka swichi mbili, uwashe chini uzime juu. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, mwombe akuonyeshe, asikasirike. Na msitoboe juu moja kwa moja au chini moja kwa moja ya swichi au soketi, waya hupita humo.

BintiWaBuru

Fundi, nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa ngazini. Nilipanda na lile bakuli, nikaliwasha kwa waya wa kuazima, nikashuka. Ni kweli. Niliona nyota.

Nimerudi nazo dukani. "Madam, mali ikitoka hairudi." Boksi halijachanika hata kidogo! Shilingi 3,600 zimekaa kabatini zinanitazama.

MpangajiMilele

Sisi wa Roysambu hatutoboi ukuta wa mtu, mwenye nyumba atakata deposit hadi ya msumari. Nimeweka zile ndogo za kuchaji zenye sensa, zinajiwasha ukipita na kuzima zenyewe. Zinashikwa na sumaku kwenye kibati, na kibati kinagandishwa ukutani kwa gundi yake.

Onyo moja kutoka kwa aliyeumia: gundi inashika rangi, lakini rangi haishiki ukuta. Yangu ilianguka saa nane usiku na kipande cha rangi cha ukubwa wa chapati. Nilidhani mwizi ameingia. Safisha eneo kwanza, na kama rangi inabanduka, funga kibati kwa skrubu.

Kwa mama ningeongeza moja ya hizo pale chini kwenye kidato cha mwisho, hata kama utaweka za stima. Stima ikipotea, hiyo bado inawaka. Yangu naichaji kila baada ya wiki mbili hivi, pamoja na simu.

NimehamaMaraSita

Fundi ameongea vizuri ila hajawahi kubeba kabati kwenye ngazi ya Buruburu. Mimi nimebeba. Taa zote mbili za ukutani zilivunjika, moja kwa kabati, nyingine kwa kichwa cha shemeji.

Angalia taa inatokeza kiasi gani. Marekani, kanuni zao za majengo ya umma zinataka kitu cha ukutani kilicho kati ya sentimita 69 na 203 kutoka sakafuni kisitokeze zaidi ya sentimita 10 mahali watu wanapopita. Hiyo ni korido pana ya ofisi. Kwenye ngazi ya mezonet mimi ningetafuta bapa kabisa.

Fundi wa Jogoo Road

Kabati nimebeba, kaka, tena la mninga. Lakini hapo umesema kweli. Dada, nenda na tepu dukani, zipo bapa za sentimita 7 au 8.

NesiWaZamu

Dadangu, hakuna aliyegusa chumbani. Nimelea wazee wodini miaka mingi, ngoja niseme.

Usipime taa ya kitandani ukiwa umesimama. Mwambie mama apande kitandani, aweke mito yake anavyoiweka, aegemee, ashike Biblia. Hapo ndipo upime. Ukingo wa chini wa taa uwe karibu na usawa wa sikio lake, kando ya kichwa upande anaosomea, ili mwanga uangukie kitabu na balbu asiione. Ikiwa nyuma ya kichwa katikati, atasoma kivuli chake, yaleyale ya ngazi.

Halafu neti. Kila mtu huisahau neti. Kama analala ndani ya neti, taa iwe nje yake na isiiguse. Na swichi je? Akiwa ameshachomeka neti chini ya godoro, hatatoka kuzima taa mlangoni. Ataacha inawaka, au atatoka gizani kurudi kitandani, na unaujua mwisho wake. Swichi iwe mahali mkono wake unafika akiwa amelala, na iwe ya kubonyeza, kubwa, si kile kijikamba cha kuvuta. Vidole vya miaka 74 havitafuti uzi usiku.

BintiWaBuru

Neti! Analala ndani ya neti ya bluu tangu nizaliwe, na mimi hata sikuifikiria. Asante sana, dada.

*Wiki mbili baadaye:*

Nimerudi na ripoti, najua mnapenda kujua.

Jaribio la simu na karatasi tulilifanya Ijumaa usiku. Mama alipanda na kushuka mara tano huku akiniuliza kama ninampima nguo. Alama ya juu ilikaa mita 1.8 kama Fundi alivyosema. Ya chini alinisogeza mpaka 1.7, kwa sababu hapo ndipo alipouona ukingo wa kidato cha mwisho "kama mstari wa daftari". Nikaipiga penseli hapohapo.

Fundi tuliyempata alionyesha leseni bila kununa. Akafungua swichi ya zamani: nyekundu, nyeusi, basi. Athi hakuna. Kwa hiyo tumenunua za plastiki nyeupe, bapa, sentimita 8, zina ule mraba ndani ya mraba. Mama anasema hizi zinafanana na sahani za sabuni. Huyu mama hakuna atakachokipenda, nimekubali.

Alipopiga tindo ili kupitisha paipu, plasta ilidondoka vipande vya ukubwa wa sinia. Hakuna aliyeniambia nifunike jikoni. Vumbi liliingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa. Na kitu kingine ambacho sikukitarajia: mwanga unaposhuka ukiwa umeukaribia ukuta hivyo, kila kibonde cha plasta kinaonekana. Mchana ukuta umenyooka. Usiku una mawimbi kama Bahari Hindi. Nimeutazama siku mbili, nimeamua sitaugusa.

Sensa ya Mpangaji iko chini, imefungwa kwa skrubu. Chumbani tumempandisha kitandani na mito yake mitatu, tukapima na sikio. Swichi kubwa iko nje ya neti, anaisukuma akiwa ndani, kitambaa cha neti kikiwa kati ya kidole na swichi.

Swali moja la mwisho, Fundi. Taa za ngazi nikizizima bado zinawaka hafifu, kama makaa yanayofifia. Swichi haina kile kitaa chekundu, nimeangalia. Ni za bandia?

Fundi wa Jogoo Road

Pengine taa hazina kosa. Umefanya vizuri kuangalia kitaa cha swichi, hicho nacho huivujishia LED stima kidogo. Kama hakipo, nashuku swichi inakata nyutro (waya wa kurudishia stima) badala ya laivu (waya unaoleta stima). Balbu ya zamani isingeonyesha chochote, LED inaonyesha kwa sababu inahitaji stima kidogo mno. Tatizo ni kwamba ukizima, laivu bado imesimama kwenye holda. Anayebadilisha balbu akijua amezima, imemchapa.

Mwite fundi kesho, si wiki ijayo. Apime kwa testa kwenye swichi. Mpaka aje, mama asiguse taa hizo hata kwa kitambaa cha vumbi.

BintiWaBuru

Amekuja leo asubuhi. Waya zilikuwa zimegeuzwa kwenye swichi ya zamani, na yeye alifuata rangi tu, hakupima. Ameona aibu, hakuchukua pesa. Sasa zikizimwa zimezimwa.

Jana nililala pale. Saa tisa na dakika kumi sensa ikawaka, nikasikia malapa yanashuka polepole, komeo likatikiswa mara mbili, malapa yakapanda.

Kromu mbili za bakuli bado ninazo, anayezitaka aje Buruburu azichukue nusu bei. Zina kioo kimoja tu lakini. Kingine mama amekifungua, kiko mezani, kimejaa ndimu.