Kuh: Barua ya ICB na vipimo viwili vya sidiria, niandike kipi?

Mama Nasra, Midlands (Uingereza), Jumatatu, saa 3 usiku

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Kina baba mliomo humu mtaniwia radhi, ila jambo hili limenishinda na sina pengine pa kuliuliza.

Huu ni mwaka wa nne mgongo na mabega vinaniuma, na mikanda ya sidiria imenichimba begani hadi imeacha mifereji miwili isiyofutika. GP, daktari wangu wa kawaida, alinipeleka kwanza fiziotherapia, kisha akaniombea upasuaji wa kupunguza matiti. Wiki iliyopita ICB, yaani bodi ya huduma za afya za serikali (NHS) ya eneo letu, imeyarudisha maombi. BMI yangu (uwiano wa uzito na urefu) ni 26, hapo hawakuwa na neno. Kilichokwama ni kile kipengele cha sidiria iliyopimwa na mtaalamu: wanataka kujua kama nilipimwa dukani, nikapewa saizi gani, na kama niliivaa bila kupata nafuu.

Basi nikaenda kupimwa. Katika duka la kwanza mhudumu alinipima juu ya blauzi nyepesi, nami kwa haya zangu nikashukuru. Chini ya matiti alipata inchi 34, akaongeza 4 ikawa 38. Juu ya matiti alipata 43, akatoa 38, zikabaki 5, akaniandikia 38DD: namba ni ya ukanda, herufi ni ya kikombe na inatokana na hiyo tofauti. Katika duka la pili nilibaki na sidiria tu, futi ikasoma 34 na 43 vilevile, lakini yule mama hakuongeza kitu: 43 kutoa 34 ni 9, kwa hiyo 34G. Mwili ni uleule na siku ni ileile. Kisanduku cha saizi kwenye fomu ni kimoja. Niandike kipi?

Neema, Houston, Jumatatu, saa 5 usiku kwa saa za Uingereza

Pole sana, dada. Andika 34G, na lile duka la kwanza usilikanyage tena. Kuongeza inchi nne ni mazoea ya enzi za bibi zetu, wakati ukanda wa kifuani ulishonwa kwa kitambaa kisichovutika na mtu alihitaji nafasi ya kupumua. Spandeksi, ule uzi unaovutika, ilibuniwa katika maabara za kampuni ya DuPont mwaka 1958, na siku hizi ukanda unavutika wenyewe. Ukiuongezea inchi nne juu yake, unapanda mgongoni kama pazia lililokunjwa, na uzito wote unabaki kuning'inia kwenye mikanda ya begani. Mifereji yako imetoka huko.

Mimi mwenyewe nilivaa 40D kwa miaka kumi na moja, nikiamini kwamba D ni herufi ya wanawake wenye matiti makubwa na kwamba juu yake hakuna kitu. Nilipopimwa bila nyongeza nikaambiwa 36H, nikadhani ninafanyiwa mzaha. Angalizo moja: H yangu ni ya Marekani, ambako baada ya DD huja DDD, kisha G, H na I. Kwa Waingereza hiyo ni 36FF, na 34G yako ukiileta huku itaitwa 34I. Usije ukaagiza sidiria mtandaoni bila kulijua hilo.

Mwanaisha, Hamburg, Jumanne, saa 1 asubuhi

Samahani, lakini Neema anampotosha mwenzetu kwa uhakika ambao haupo. Huku Ujerumani, kwa kipimo cha Ulaya, namba ya ukanda ni sentimita za chini ya matiti, bila nyongeza wala punguzo: 85 ni ya mwanamke mwenye sentimita 83 hadi 87. Inchi 34 ni sentimita 86, kwa hiyo Mama Nasra ni 85. Sasa naomba kila mmoja aende kabatini akatazame lebo ya sidiria yenye namba za nchi mbalimbali. Ataona kwamba 85 yetu imeandikwa sambamba na 38 ya Uingereza na 100 ya Ufaransa. Viwanda vyenyewe, basi, vinakubali kwamba mwanamke wa inchi 34 ni 38, na yule mhudumu wa duka la kwanza hakubuni jambo lake.

Penye kosa ni kikombe. Tofauti ya sentimita 109 na 86 ni 23, na kwa kipimo cha Ulaya, ambacho kila kikombe huongezeka kwa sentimita 2, hiyo ni F. Mimi ningemwambia ni 85F, saizi ambayo haipo katika barua ya duka lolote kati ya hayo mawili.

Neema, Houston, Jumanne, saa 9 alasiri kwa saa za Uingereza

Dada Mwanaisha, lebo huandikwa na mtu wa kiwandani ambaye hajawahi kuukuta mgongo wa Mama Nasra. Chukua sidiria ya 38, uifunge kulabu ya nje kabisa, uivute kwa mikono miwili, kisha uniambie imefika inchi ngapi. Ukanda ndio unaobeba kifua. Usipokaza hakuna kinachobebwa, hata lebo ikiwa na namba za nchi kumi.

Mwanaisha, Hamburg, Jumanne, saa 10 alasiri

Nimevuta sidiria nyingi kuliko unavyodhani. Wapo wanawake wenye nyama laini mbavuni ambao hukaza bila shida, na wapo wembamba ambao ukanda wa namba hiyohiyo huwaumiza mbavu. Kumwambia kila mtu asiongeze hata inchi moja ni desturi tu, kama ilivyo desturi ya kumwambia kila mtu aongeze nne.

Salome, Leeds, Jumanne, saa 2 usiku

Mimi ni muuguzi, na ugomvi huu nimeusikia wodini hadi nimeuzoea. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth walilinganisha kipimo cha futi cha kimapokeo na sidiria iliyochaguliwa kwa kuvalishwa na kukaguliwa. Futi ilitoa ukanda mkubwa mno kwa asilimia 76 ya wanawake waliopimwa, na kikombe kidogo mno kwa asilimia 84. Kwa hiyo katika hili Neema yuko karibu na ukweli, ila sababu si spandeksi peke yake: futi inatoa mahali pa kuanzia tu, na kazi yenyewe inafanywa mbele ya kioo.

Mama Nasra, vaa sidiria yenyewe uikague. Ukanda uwe sawa mbele na nyuma, usipande mgongoni unapoinua mikono. Waya ikae juu ya mbavu, isikanyage titi hata kidogo kwenye kwapa. Kile kipande cha katikati kilale bapa juu ya mfupa wa kifua. Kikombe kisifurike wala kisikunjamane, na mikanda ya begani isikae kwa kuchimba. Sidiria mpya ifungwe kulabu ya nje, kwa sababu itavutika kadiri unavyoifua, na hapo ndipo utasogea kulabu za ndani. Titi moja likiwa kubwa kuliko jingine, kama ilivyo kwa wengi wetu, fuata lililo kubwa.

Pia, dada, usidhani kwamba 38DD na 34G ni majina mawili ya kitu kimoja. Ukanda ukipanda hatua moja, kikombe hushuka herufi moja ujazo ukabaki uleule: 34G ni sawa na 36FF na ni sawa na 38F. Kutoka 38F hadi 38DD ni vikombe viwili vizima vilivyopotea.

Baba Latifa, Reading, Jumatano, saa 12 asubuhi

Naomba niruhusiwe kusema neno moja, ingawa mimi ni mwanamume. Mke wangu aliyapitia haya enzi za CCG, kabla ICB hazijachukua nafasi yake mwaka 2022, nami ndiye niliyekuwa nikiandika barua. Vigezo vilivyotolewa na NHS England vinataka kwamba sidiria iliyopimwa na mtaalamu iwe imejaribiwa na haikuondoa maumivu, kwamba BMI iwe chini ya 27 na iwe imetulia kwa miezi kumi na miwili, na kwamba kitakachoondolewa kiwe gramu 500 au zaidi kwa kila titi, au angalau vikombe vinne. ICB yako inaweza kuwa na nyongeza zake, kwa hiyo omba sera yao kwa maandishi.

Angalieni hivyo vikombe vinne. Ukianza na 34G ukashuka vinne, unapita FF, F na E, unafika DD. Ukianza na 38DD ukashuka vinne, unafika A. Afisa atakayesoma 38DD ataona kwamba mama huyu anaomba abaki bila matiti, ilhali daktari wa upasuaji anazungumzia gramu. Mwambie GP akuandikie makisio ya gramu, na hiyo namba ya sidiria itakosa uzito wake.

Bi Rehema, Muscat, Jumatano, saa 5 asubuhi

Wanangu, mimi nilishona Mombasa kwa miaka ishirini na sita kabla ya kuja kukaa na binti yangu huku, na nashangaa hakuna aliyeuliza Mama Nasra alipimwa akiwa amekaaje. Mwanamke aliyenyonyesha ukimpima amesimama wima, futi inapita juu na nyama inabaki chini yake. Mimi nilikuwa nikimwambia mteja ainame mpaka mgongo uwe sawa na meza, nampima hapo, kisha nampima amesimama, ndipo nachukua namba ya katikati. Kwa wengine tofauti ilikuwa kidole, kwa wengine ilikuwa shibiri. Na nilikuwa nikiuliza siku zake, kwa maana karibu na hedhi kifua hujaa, na anayepimwa wiki hiyo huirudisha sidiria wiki inayofuata.

Tena huyo wa pili alimpima akiwa na sidiria gani? Kama ni ile kuukuu iliyomchimba mabega, basi futi ilipima umbo la sidiria kuukuu.

Pale sokoni Kongowea alikuwapo mama mmoja muuza nguo ambaye hakuwa na futi kabisa. Alikutazama mara moja ukiwa umevaa buibui, akaingiza mkono ndani ya rundo, akatoa moja, na ilikukaa. Huku dukani kuna mashine ya taa inayopima mwili mzima, na binti yangu bado anarudisha tatu kati ya nne.

Neema, Houston, Jumatano, saa 10 alasiri kwa saa za Uingereza

Shikamoo Bi Rehema, umenirudisha soko la Karume, Dar es Salaam, asubuhi ya Jumamosi, sidiria zimetundikwa kwenye kamba kama samaki wa kukaushwa na muuzaji anaita bei kwa kuimba. TBS, shirika la viwango la Tanzania, walipiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na kwa afya sina ubishi nao, lakini ndipo mahali pekee nilipowahi kuona vikombe vya G kabla sijavuka bahari. Madukani kulikuwa na B na C tu, na mwenye zaidi ya hapo alijibana.

Furaha, Brussels, Jumatano, saa 1 usiku

Tusisahau nani aliyetuzoesha kuvaa vilivyovuliwa na wengine. Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kuisimamishia nafuu ya AGOA, ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru, kwa nguo zake, na majirani waliokuwa wameafikiana nayo walirudi nyuma. Viwanda vyetu vingeshona kwa vipimo vya wanawake wetu laiti vingepewa nafasi.

Mwanaisha, Hamburg, Jumatano, saa 1 na nusu usiku

Viwanda vyetu vingetumia jedwali lilelile la Ulaya, ndugu yangu Furaha, kwa sababu mashine na ruwaza zinatoka huku. Naomba turudi kwenye 85F.

Mama Nasra, Midlands, Alhamisi, saa 4 usiku

Nawashukuru nyote, na Bi Rehema shikamoo. Nimefanya kama alivyoagiza Salome. 38DD ikipanda mgongoni naiona kwenye kioo bila hata kuinua mikono, na matiti yanafurika kwa juu. 34G inakaa vizuri katikati, lakini waya inanichoma kwapani na jioni mbavu zinawaka. Niliponunua 36FF, ambayo hakuna duka lililoniandikia, nilikaa nayo siku mbili na ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko zote. Kuhusu kuinama, kwa aibu nilimwomba binti yangu anishikie futi, na juu ya matiti tulipata inchi 45. Sasa sijui hesabu ianze wapi.

Mabega bado yanauma katika zote tatu. Nimempigia GP kuhusu gramu, karani amenipa miadi ya baada ya wiki tano, na ICB wanataka fomu irudi ndani ya siku 28. Barua ninazo mbili, moja ya 38DD na moja ya 34G, na inayonikaa haina barua. Kwa hiyo narudia swali langu la Jumatatu: kwenye kile kisanduku niandike kipi?

Hadija, Minneapolis, Ijumaa, saa 8 usiku kwa saa za Uingereza

Nimechelewa kuuona mjadala huu, mnisamehe. Mama Nasra, naomba unitumie kwa faragha jina la lile duka la kwanza. Dada yangu anaishi maeneo ya kwenu, anavaa 38DD mwaka wa ishirini huu bila tatizo lolote, na anasema siku hizi kila aendako wanamlazimisha kununua 34.